Ninaongoza maafisa mauzo saba nisiowaona kwa macho: nitaujuaje ukweli wa kazi yao?

Muulizaji, Mwanza

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Huu ni mwezi wa tatu tangu nipandishwe cheo kuwa meneja mauzo wa Kanda ya Ziwa katika kampuni inayosambaza sabuni za miche, sabuni ya unga na dawa ya meno. Kabla ya hapo nilikuwa afisa mauzo wa Mwanza mjini kwa miaka minne, na kazi hiyo niliijua kwa miguu yangu: katika maduka ya jumla ya katikati ya mji nilikuwa nawafahamu hata vijana wanaopakua mizigo. Sasa nina watu saba, nao wako Nansio, Musoma, Bariadi, Shinyanga, Kahama, Geita na Bukoba. Bajeti ya safari inaniruhusu kumfikia kila mmoja mara moja kwa robo mwaka. Bukoba peke yake ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, ingawa tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 angalau tumepumzika na foleni ya kivuko.

Kila jioni maafisa hawa hutuma kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya duka, lokesheni na idadi ya maduka waliyotembelea siku hiyo. Kinachonitia shaka ni kwamba taarifa hizo ni nzuri kupita kiasi. Lengo tulilowekewa ni maduka 25 kwa siku, na wote saba huripoti 25 au 26, mvua inyeshe isinyeshe, awe mtu yuko Kahama mjini ambako maduka yamebanana au yuko kwenye vijiji vya Ukerewe ambako kutoka duka hadi duka ni mwendo wa pikipiki. Nilipokuwa mimi mwenyewe mtaani, siku niliyofikisha 25 ilikuwa siku ya kusimulia.

Jambo la pili ni mauzo yenyewe. Wiki tatu za mwanzo wa mwezi hukaa kimya, kisha katika siku tano za mwisho oda zinamiminika na kanda inafunga mwezi kwa asilimia 98 au 101. Afisa wa Bariadi ndiye bingwa wetu, na robo iliyopita alipewa zawadi na makao makuu. Wa Nansio ameshindwa kufikia lengo katika miezi mitano kati ya saba. Mwaka huu maafisa wawili wameacha kazi, mmoja wao bila hata kuaga.

Mkuu wangu, ambaye yuko Dar es Salaam, amependekeza mambo mawili: tuweke kwenye simu zao programu ya kufuatilia mwendo wao saa 24, na kila Jumamosi asubuhi nitume kundini jedwali linaloonyesha nani kafikia lengo na nani kashindwa. Sijamkatalia, lakini moyo wangu umesita, na sina hoja ya kumpelekea zaidi ya huko kusita. Ninaomba wenye uzoefu wa kuongoza watu walio mbali wanieleze: ninyi mlikuwa mnajuaje kwamba kazi imefanyika? Na huyu wa Nansio, je, ni mvivu, au kuna kitu nisichokiona nikiwa huku?

Mstaafu wa Nyanda za Juu Kusini

Binti yangu, pole na majukumu, na hongera ya cheo. Mimi nilisimamia mauzo ya Mbeya, Rukwa na maeneo ambayo leo ni Songwe na Katavi tangu enzi za kupiga simu ya mezani posta hadi enzi za M-Pesa, na katika muda huo wote sikuwahi kuwa na uwezo wa kumwona mtu wangu wa Mpanda zaidi ya mara tatu au nne kwa mwaka. Kwa hiyo unaposema huwaoni, mimi nasema hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Nianze na hizo oda za siku tano za mwisho, kwa sababu humo ndimo ukweli wako umejificha, wala si kwenye lokesheni. Unachokiita mauzo ni mzigo uliotoka stoo yenu kuingia stoo ya mwenye duka la jumla. Hayo si mauzo bado. Mauzo ni pale mama anapotoka dukani na mche wake wa sabuni. Kati ya matukio hayo mawili panaweza kupita siku tatu au miezi mitatu, na ni katika upenyo huo ambapo afisa aliyebanwa na lengo hujitafutia pumzi. Anakwenda kwa tajiri mmoja anayemwamini na kumwambia, "Mzee, nichukulie katoni mia mbili, utalipa ukiuza." Tajiri anakubali, maana ni mali kauli, hajatoa hata senti. Ofisi inashangilia. Mwezi unaofuata tajiri hanunui kitu kwa sababu bado amelalia mzigo wa mwezi uliopita, na afisa inabidi atafute tajiri mwingine. Ukiona wiki tatu za kimya na siku tano za mafuriko, jua kwamba watu wako wanasukuma mzigo.

Dawa niliyoitumia ilikuwa ndogo na haikuhitaji mtambo wowote. Kwa kila afisa nilichagua maduka ya jumla manane, na kila Jumatatu nilimtaka anitumie kitu kimoja tu: idadi ya katoni zilizobaki ndani ya maduka hayo, aina kwa aina. Sikuuliza umetembelea maduka mangapi. Ukijua kilichokuwapo Jumatatu iliyopita, ukajumlisha kilichopelekwa na kutoa kilichobaki leo, unapata kilichouzwa kweli. Hesabu hiyo ni ngumu kuidanganya kwa wiki nyingi mfululizo, kwa sababu mwongo itambidi akumbuke namba zake zote za nyuma, tena zioane na ankara zako. Baada ya wiki sita utaanza kuisoma kanda yako kama unavyosoma saa.

Sasa huyu wa Nansio. Usimhukumu kabla hujatazama juu angani, na wala sifanyi mzaha. Fedha ya Ukerewe na visiwa vingi vya Ziwa hutokana na dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapowaka, taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika, mialo inapoa, na mwenye duka hauzi hata kiberiti kwa pesa taslimu. Mwezi wa ofisini una siku 30 au 31, ila mwezi wa angani una siku 29 na nusu hivi, na hiyo miwili haiendi sambamba. Kuna miezi ambayo tarehe 26 hadi 31 zinaangukia kwenye giza, na hapo kijana wako atafunga vizuri. Kuna mingine siku hizo hizo za kufunga zinaangukia kwenye mbalamwezi, na hapo hata ukimpeleka malaika hatakusanya madeni. Chukua kalenda, weka alama za mwezi mpevu, kisha linganisha na ile miezi mitano aliyoshindwa. Sikuahidi kwamba itaeleza yote, lakini nitashangaa isipoeleza chochote.

Na Bariadi vivyo hivyo ina kalenda yake. Simiyu ni pamba, na msimu wa ununuzi kwa kawaida hufunguliwa Mei. Afisa wa Bariadi anayeuza sawasawa Februari na Julai ananitia wasiwasi kuliko anayepanda na kushuka. Bukoba ina kahawa yake, Geita ina machimbo ambayo fedha yake haina msimu bali ina bahati. Lengo moja lililogawanywa kwa saba, kisha kwa miezi kumi na miwili, limepangwa na mtu anayelipwa mshahara tarehe 25 kila mwezi akadhani kila mtu hulipwa hivyo.

Somo hilo mimi nililipata kwa aibu. Nilikuwa na afisa Tunduma ambaye kila mwezi alivuka lengo, nami nikamfanya mfano kwa wenzake. Mwaka 2015 kwacha ya Zambia iliporomoka, na mauzo yake yakaporomoka nayo, maana kumbe sehemu kubwa ya mzigo wake ilikuwa ikinunuliwa na wafanyabiashara waliovuka mpaka. Nilimpigia simu nikamfokea. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa upole kama nimeshawahi kuuliza wanaonunua ni akina nani. Sikuwa nimeuliza, kwa sababu namba zilikuwa nzuri, na meneja huwa haulizi namba nzuri.

Afisa mauzo wa vijijini

Dada, mimi niko upande wa pili wa kundi lako la WhatsApp. Si la kwako, la kampuni nyingine na kanda nyingine, lakini nadhani yanafanana. Naomba niseme mambo ambayo maafisa wako hawatakuambia, si kwa sababu ni wabaya, bali kwa sababu wewe ndiye unayesaini posho zao.

Hizo 25 zinapatikana hivi. Asubuhi ninafika senta yenye maduka kumi na matano yaliyopangana. Ninapiga picha zote ndani ya nusu saa, nyingine nikiwa nimesimama barabarani, kisha ninazituma moja moja kutwa nzima. Lokesheni ni ya kweli, picha ni ya kweli, na hakuna kazi iliyofanyika. Baada ya hapo ninakwenda kwenye maduka matano au sita ambayo kweli yana biashara nami, ninakaa, ninapanga rafu, ninasikiliza malalamiko ya sabuni iliyofika imelowa. Kazi yangu halisi ni hayo maduka sita, ila ofisini hakuna safu ya kuandika "nilikaa dakika arobaini nikamaliza ugomvi wa mzigo uliolowa", kwa hiyo ninaandika 25.

La pili ni nauli. Kampuni yetu hutoa fedha ya mafuta ya pikipiki tarehe 10, wakati kazi inaanza tarehe 1. Siku kumi za mwanzo ninatembea kwa fedha yangu, au ninaikopa kwa mteja yule yule ambaye nitapaswa kumdai. Mtu aliyekukopesha mafuta huwezi kumkazia macho akichelewesha malipo ya katoni sitini. Angalia posho za watu wako zinaingia lini. Inawezekana kabisa kwamba zile wiki zako tatu za kimya hazitokani na uvivu wala na wateja, zinatokana na muhasibu.

Kuhusu jedwali la Jumamosi, mimi niliishi chini ya jedwali kama hilo kwa mwaka mmoja na nusu. Jina langu lilipakwa rangi nyekundu mara nyingi. Siku za mwanzo niliona aibu, baadaye sikuona kitu, na mwisho nilijifunza kusukuma mzigo kama huyo mzee alivyoeleza. Rangi ikawa kijani, na nikapongezwa kwa jambo ambalo nikilala usiku nilikuwa nalijua ni deni. Aliyeondoka bila kuaga huko kwako, ningekuwa wewe ningemtafuta nimpigie simu nje ya kazi nimuulize tu. Sasa hana sababu ya kukuficha.

Nyongeza ndogo: Mara ina Wasabato wengi. Kama afisa wa Musoma, au wateja wake, ni miongoni mwao, hilo jedwali la Jumamosi asubuhi litamkuta kanisani, na maduka mengi anayoyahudumia yatakuwa yamefungwa. Uliza kabla hujapanga.

Mhasibu wa madeni

Nimesoma majibu mawili yaliyotangulia na ninakubaliana nayo kwa kiasi kikubwa, isipokuwa kwa jambo moja: yote mawili yanamchukulia afisa kuwa mtu mwaminifu aliyebanwa na mfumo mbovu. Wengi wako hivyo. Lakini mimi kazi yangu ni kufuatilia madeni, na nimeona pia wale wasio hivyo, kwa hiyo nitaongeza upande huo.

Mahali ambapo afisa anauza kwa mali kauli na yeye mwenyewe ndiye anayekusanya fedha taslimu, kishawishi kinakaa naye chumba kimoja. Mtindo wa kawaida ni huu: anapokea malipo ya mteja wa kwanza, anayatumia, kisha anapokea ya mteja wa pili na kuyaandika kwa jina la wa kwanza, ya tatu kwa jina la wa pili, na gurudumu linaendelea hadi siku atakapougua malaria na mtu mwingine ashike daftari. Hesabu ya katoni za kila Jumatatu haitakuonyesha hilo, kwa sababu mzigo umeuzwa kweli. Kinachopotea ni fedha.

Tenganisha mkono unaouza na mkono unaopokea. Mpe kila mteja lipa namba ya kampuni, na ibandikwe ukutani mwa duka pamoja na maneno kwamba malipo kwa namba ya mtu binafsi hayatambuliwi. Kisha kila mwezi wewe mwenyewe, si afisa, wapigie wateja kumi uwasomee salio lao: "Kwetu inaonekana unadaiwa kiasi hiki, je, ndivyo ilivyo kwako?" Simu kumi hazizidi saa mbili. Mwaka ambao nilianza kufanya hivyo, simu ya nne tu ilinifungulia shimo ambalo lingenichukua mwaka kulikuta. Na unapotembelea, nenda angalau mara moja bila taarifa. Ziara iliyotangazwa hukuonyesha stoo iliyofagiliwa.

Jambo jingine ni la kisheria, maana naona makampuni mengi yanakosea hapa. Deni la mteja likikwama, baadhi ya wakubwa huamuru likatwe kwenye mshahara wa afisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, hairuhusu jambo hilo lifanyike kwa amri ya mdomo. Hasara iwe imetokea kazini na imesababishwa na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi chanzo na hesabu yake, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mteja kufilisika si kosa la afisa. Sheria hiyo hiyo inaweka saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki, kwa hiyo ukisikia "saa 24", mwulize mkuu wako zile nyingine anazifuatilia kwa haki gani na kwa malipo yapi. Tena tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, nayo inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze zinakusanywa kwa madhumuni gani. Mahali anapolala afisa mauzo saa nane usiku hapana uhusiano na sabuni. Hiyo ndiyo hoja yako, dada. Huna haja ya kumwambia mkuu kwamba moyo umesita.

Mstaafu wa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu mhasibu, kuhusu fedha nakuunga mkono kwa asilimia zote, na lipa namba ningeipata enzi zangu ningelala usingizi mzuri zaidi. Kuhusu kwenda bila taarifa sikubaliani nawe. Mkaguzi na aende bila taarifa, ndiyo kazi yake na kila mtu anaijua. Kiongozi akifanya hivyo mara moja, tangu siku hiyo kila simu yake itapokewa kwa hofu, na mtu mwenye hofu hakuambii kwamba mshindani ameshusha bei ya katoni kwa shilingi elfu mbili. Unalipata jambo hilo baada ya mwezi, kwenye namba.

Mimi nilikuwa natangaza siku, ila sikutangaza maduka. Nilikaa siku mbili kwa kila mtu. Siku ya kwanza nilipanda naye pikipiki nikawa msaidizi wake, nikibeba sampuli na kufunga mdomo. Siku ya pili, asubuhi, nilikwenda peke yangu kwenye maduka matatu niliyoyachagua mwenyewe, nikanunua soda, nikakaa kwenye benchi. Mwenye duka mwenyewe ataanza: "Huyu kijana wenu..." Ukisikia sentensi hiyo inavyomaliziwa katika maduka matatu, umejua yote.

Msomaji wa Kisumu

Hamjambo nyote. Mimi ninasimamia maafisa watano katika kaunti za magharibi ya Kenya, na wenye ofisi wako Nairobi, kwa hivyo hadithi ya muulizaji naielewa vizuri. Nina jambo moja fupi. Sisi tuliacha kundi la taarifa za jioni na badala yake nikaweka simu ya dakika ishirini na kila afisa, mmoja mmoja, siku yake maalumu ya wiki, siku ambayo haibadiliki. Maswali ni yale yale kila mara: nini kimeuzwa kwako kuliko ulivyotarajia, nani amekataa kununua na kwa sababu gani, na ni kitu gani umeniomba nami bado sijakitimiza. Swali la tatu ndilo lililobadilisha mambo, kwa maana nilikuwa nimezoea kuwadai wao, na nilipoanza kudaiwa nao wakaanza kuniambia ukweli wa hayo mengine mawili.

Pia niliwaunganisha wawili wawili, jirani na jirani, ili mmoja akiwa mgonjwa au likizoni mwenzake ashike wateja wake. Hilo linajibu hofu ya mhasibu kuhusu daftari linaloshikwa na mtu mmoja, bila kumtuhumu yeyote.

Muulizaji, Mwanza

Shikamoo mzee wangu, na nawashukuru nyote. Ninarudi baada ya wiki tano kwa sababu nimefanya baadhi ya mliyosema na sasa nina tatizo jipya ambalo ni kubwa kuliko la kwanza.

Niliweka alama za mwezi mpevu kwenye kalenda. Katika ile miezi mitano ya Nansio, mitatu ilifungwa katikati ya mbalamwezi. Hii mingine miwili nilimuuliza mwenyewe kwa simu, akaniambia kwamba mmoja mzigo wake ulikaa siku tisa Mwanza kwa sababu gari la kampuni lilipelekwa kwanza Geita, na uamuzi huo, nilipotazama kumbukumbu, niliufanya mimi. Posho zetu huingia kati ya tarehe 8 na 12. Nimeandika barua ziingie kabla ya tarehe 1, ila bado sijajibiwa. Programu ya kufuatilia imesimamishwa baada ya mkuu kuipeleka kwa mwanasheria. Jedwali halijasimamishwa, ila nimeruhusiwa kulituma kwa kila mtu peke yake.

Tatizo ni Bariadi. Katika hesabu ya Jumatatu ya kwanza afisa wetu alituma namba ndogo ndogo zinazopendeza. Nilipowapigia wateja kumi kuwasomea salio, watatu walisema deni hilo ni lao ila mzigo bado uko stoo, na mmoja wa Mwanhuzi, wilayani Meatu, alisema ana katoni 340 za sabuni ya unga ambazo ameambiwa ataanza kuzilipia baada ya pamba. Kwa kasi anayouza sasa, huo ni mzigo wa miezi minne. Huyu ndiye tuliyempa zawadi mbele ya kanda nzima. Nikilisema hili, namba za robo iliyopita zitaanguka, na pamoja nazo jina la mkuu wangu aliyezipeleka juu. Nikinyamaza, nitakuwa mshirika. Nifanyeje, na nianzie kwa nani?

Mhasibu wa madeni

Anzia kwa maandishi. Kabla ya kumwambia mtu yeyote, andika orodha ya wateja, katoni na tarehe, na uwatake wateja hao wanne wakuthibitishie salio kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo. Angalia pia ukomo wa mikopo: nani aliidhinisha katoni 340 kwa duka moja la Mwanhuzi? Ninahisi utakuta saini zaidi ya moja, na hilo litakusaidia kuizuia ofisi isimtwishe kijana peke yake.

Mstaafu wa Nyanda za Juu Kusini

Marahaba binti yangu. Anzia kwa kijana, kisha mkuu wako, na yote mawili ndani ya siku mbili ili habari isikutangulie.

Kwa kijana usiende na orodha mkononi. Muulize tu, "Mwanhuzi kuna nini?" Akikuambia ukweli, una afisa mzuri aliyefundishwa vibaya, na aliyemfundisha ni lengo letu pamoja na ile zawadi. Akikuambia uongo wakati wewe tayari una jibu, hapo una jambo jingine, nalo lifuate njia ya maandishi ambayo mhasibu ameieleza. Kumbuka tu kwamba hajaiba: mzigo upo, wateja wapo, deni linatambulika. Amekopa mauzo ya miezi ijayo, na kosa hilo hurekebishika.

Kwa mkuu wako usiende na tatizo tupu, nenda na mpango. Mwambie Bariadi haitapakia mzigo mpya wa sabuni ya unga kwa wiki kumi, na kwamba katoni 150 za Mwanhuzi mtazihamishia Kahama ambako zinatoka haraka, kampuni ikibeba nauli ya gari. Mwambie waziwazi kanda itashuka hadi asilimia themanini hivi kwa robo moja. Mwambie leo, tarehe 9, wala usingoje tarehe 28, kwa sababu mkubwa aliyeambiwa mapema ana muda wa kuandaa maneno yake huko juu, na aliyeambiwa siku ya kufunga hutafuta mtu wa kumtupia. Kama naye alijua tangu mwanzo, utaliona usoni mwake au utalisikia kwenye ukimya wa simu, na hapo utajua unafanya kazi na nani.

Ile zawadi usiidai irudishwe.

Muulizaji, Mwanza

Nimewaelewa. Nimempigia jana jioni nikamuuliza kama ulivyonielekeza, mzee. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Bosi, ukija nitakuonyesha na nyingine mbili ambazo hujaziona." Ninapanda basi la Bariadi Alhamisi asubuhi, na kwa mkuu nimeomba nafasi Ijumaa saa nne.

Afisa mauzo wa vijijini

Hiyo safari ya Meatu, dada, beba daftari la karatasi. Wenye maduka wakikuona unaandika kwa kalamu hukupa namba mbili: ya kwanza waliyokuwa wamepanga kukuambia, na ya pili baada ya kukutazama ukiiandika ile ya kwanza.